Mikono Miwili, Miaka Arobaini ya Marashi

Nimeambiwa leo asubuhi, mbele ya chai yangu mwenyewe na ndani ya nyumba ninayoilipia kodi, kwamba ninanukia miaka ya tisini. Aliyetamka maneno hayo ni mpwa wangu, ambaye anakula kwangu, analala kwangu, na anajipulizia marashi matamu hata sisimizi wameanza kumsindikiza hadi mlangoni.

Ieleweke kwamba marashi yangu ni Cool Water, yaliyotoka mwaka 1988, na niliyachagua katika enzi ambayo kila mwanamume mwenye ajira alitakiwa kunukia bahari. Baba zetu walinukia karafuu na mdalasini wa Old Spice, kisha ikaja Brut ya mwaka 1964 katika chupa yake ya kijani, na hakuna mpwa aliyethubutu kuwaambia lolote. Kaka zetu wa miaka ya themanini walijimwagia Kouros, iliyokuwa ikiingia ofisini kabla ya mwenyewe na kubaki humo baada ya saa za kazi. Mwaka 1994 ikaja CK One, ya mume na mke pamoja, na nyumba nyingi zikapata ugomvi mpya wa nani ameimaliza.

Basi nikafunga safari hadi Kariakoo, kwa mmoja wa vijana wanaopima mafuta ya marashi kwa bomba la sindano.

"Shikamoo, mzee wangu. Unatafuta ya kwako au zawadi ya kijana?"

Niliitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyetaka kudharauliwa, nikamwambia nataka kitu cha kiume cha wakati huu. Aliushika mkono wangu wa kulia pasipo kuniomba ruhusa. Kwenye kiganja alipaka Drakkar Noir ya mwaka 1982, ili, kwa maneno yake, tujue tunatokea wapi. Juu kidogo akapaka bahari yangu ya miaka ya tisini, huku akinieleza kwa furaha kwamba usafi ule unatokana na kemikali iitwayo dihaidromaisenoli, ambayo kabla ya hapo ilishazoeleka katika sabuni za kufulia. Nilishusha pumzi. Kumbe miaka yote hiyo nimehudhuria harusi za watu nikinukia shuka lililoanikwa! Kwenye kiwiko akaweka 1 Million ya mwaka 2008, ambayo chupa yake ina umbo la kipande cha dhahabu, kumbukumbu ya wakati ambapo mwanamume alitakiwa anukie fedha hata kama nauli ameazima.

Akanisogezea kopo la buni ninuse, pua ipumzike, kisha akahamia mkono wa kushoto. Sauvage ya mwaka 2015 niliitambua mara moja, maana ndiyo harufu ya kila kijana anayenitangulia kwenye foleni ya benki. Ilipofika zamu ya vanila na sukari iliyoungua, nilikuwa nimekunja shati hadi begani, na wapita njia walidhani ninachanjwa. Nikamuuliza kama hii inapakwa au inaliwa. Hakucheka. Aliinama chini ya meza, akatoa kichupa kidogo kwa mikono miwili, akaniambia kwa kunong'ona kwamba hiki sasa ndicho kinachotamba Ulaya.

Kilikuwa udi.

Hapo ustaarabu wangu uliishia. Mimi nimekulia Tanga, kijana! Bibi yangu alifukiza kanga zake kwa chetezo kabla sijajua kwamba kuna Ulaya. Udi ni utomvu wa mti wa Asia ulioshambuliwa na kuvu, na wafanyabiashara walituletea pwani hii kwa majahazi enzi ambazo hao watengeneza marashi wa Paris hawakuwa na habari nao. Yves Saint Laurent, nyumba ya mitindo ya huko Paris, waliutia katika marashi yao yaitwayo M7 mwaka 2002, na leo ninasimama juani nikifundishwa udi na mtu aliyezaliwa mwaka huo huo! Halafu akanitajia bei, kwa kichupa kisichozidi kidole gumba.

Kinachonikera ni kwamba sisi watu wa mshahara chupa moja tunaipulizia Ijumaa na harusini tu, na kabla haijafika nusu, dunia imekwisha kubadili pua. Nani anamalizia hizi nusu chupa?

Niliondoka bila kununua kitu, lakini si bila kunukia. Kwenye daladala mama mmoja alimhamisha mtoto wake kiti, na konda akaniuliza nimetoka harusi ngapi. Kinyozi wangu aliniuliza kama aniongezee spiriti.

Laiti tungebaki na ile ya Farina, Mwitaliano aliyeanza kutengeneza maji ya kunukia mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1709, yenye harufu ya limau, machungwa na maua yake, isiyomsumbua jirani. Hiyo hata mtu angeweza kuikaribia nyumbani kwa kukamua ndimu, kama ndimu zenyewe zingekuwa ndimu. Lakini nendeni sokoni mkazione, ganda nene, mbegu tele, maji hakuna, na muuzaji anakukataza kuzibonyeza.