Huku Nepal mtoto anaabudiwa, kwetu mwali anawekwa ndani

Kila nikiweka picha za Kathmandu kwenye status lazima mtu wa nyumbani aniulize, hivi ni kweli huko watu wazima wanamsujudia mtoto? Kweli kabisa. Basi mmoja atasema wamepotea hao, mwingine atasema huyo mtoto anateswa akombolewe. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe na ni Muislamu, simsujudii yeyote zaidi ya Mungu, ila hizo kauli mbili zimenichosha kwa sababu wanaozisema hawajauliza kitu chochote.

Iko hivi. Mtoto huyo anaitwa Kumari, anachaguliwa angali mdogo sana, huyu wa sasa wa Kathmandu kaingia 2025 hata miaka 3 hajafikisha, anatoka ukoo wa Shakya wa kabila la Wanewari, Wabudha hao, na Wahindu nao wanaamini mungu wao wa kike Taleju ameingia ndani yake, kwa hiyo wote wanamuinamia. Anaachana na wazazi anahamia kwenye nyumba yake pale Basantapur iliyojengwa na mfalme Jaya Prakash Malla mwaka 1757, anatunzwa na walezi, nje hakanyagi chini, anabebwa. Sikukuu ya Indra Jatra anapandishwa kwenye gari la mbao linavutwa kwa kamba na watu wanajaa mpaka kwenye ngazi za mahekalu. Zamani mfalme ndiye alikuwa anakuja kuomba baraka, ufalme ukafutwa 2008, sasa anakuja rais.

Nimewahi kuingia pale uani. Mnasimama, mlezi anawaambia hakuna kupiga picha, mara kwenye dirisha la mbao la kuchongwa anatokea mtoto kavaa nyekundu, wanja umevutwa mpaka karibu na masikio, anawaangalia hacheki, muda kidogo tu karudi ndani. Pembeni yangu kulikuwa na bibi kaunganisha viganja machozi yanamtoka. Sasa bibi kama yule unaanzaje kumwambia amepotea?

Na si Kumari peke yake. Wakati wa Dashain, sikukuu kubwa ya Wahindu wa huku, kwenye nyumba za kawaida watoto wa kike wanakalishwa, wanaoshwa miguu, wanapewa vitamu na hela. Nimemuona baba mwenye nyumba wangu, mtu mzima na mvi zake, anainama anamuosha miguu mjukuu wake. Kwetu sijawahi kuona babu anafanya hivyo na nisingechukia kuiona.

Lakini hapa ndipo panaponiuma. Kumari akivunja ungo tu basi, wanasema Taleju ameshaondoka, anarudi kwao mtoto kama wengine. Kwetu Uzaramoni ni kinyume chake, binti anacheza nje hana habari, akivunja ungo ndiyo anakuwa mwali, anawekwa ndani, enzi za bibi zetu miezi mpaka miaka, halafu siku ya kutolewa ngoma inapigwa na yeye juu mabegani. Huku damu inamtoa nje, kule inamuingiza ndani, na kote huko mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Rashmila Shakya alikuwa Kumari wa Kathmandu mpaka 1991, katoka akiwa na miaka kama 12 wenzake wamemuacha mbali mno kimasomo, akakazana mpaka akapata digrii. Ila kwa nini akazane yeye, si walezi na serikali ndio walimweka mle? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Nepal ikasema Kumari ana haki zote za mtoto, shule ikiwemo. Mila haikufutwa, gari linavutwa kama kawaida, ila mwalimu anaingia ndani na mtoto anafanya mitihani. Chanira Bajracharya aliyekuwa Kumari wa Patan, mji jirani na Kathmandu, alisoma akiwa humohumo na baadaye akachukua mpaka shahada ya uzamili ya biashara.

Sisi kila siku tunabishana unyago ufutwe au usiguswe, kama vile hakuna njia ya tatu. Wakati huohuo sheria yetu ya ndoa Tanzania ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe, mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda mahakamani kuipinga akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Rebeca yuko sahihi. Kwa hiyo tusijifanye mtoto wa kike anateseka Nepal tu.

Shangazi zangu na makungwi wote wa Kisarawe nawaheshimu, nyie ndio mlionifunda, sitaki ngoma ife. Ninachoomba mwali achezwe wakati wa likizo, afundwe usafi wake na mwili wake, mambo ya mume yasubiri kwanza, na shule ikifunguliwa awe darasani na wenzake.