Hapa Analipwa kwa Kujua Kuchora

Mwezi wa tatu ukifika huku Marekani, barua za udahili wa uzamili wa sanaa zinaanza kuingia, na kila mwaka kuna mstari unaonifurahisha: mwanafunzi atawafundisha uchoraji wenzake wa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza saa 20 kwa wiki, ada imefutwa, posho atapewa. Nyumbani kijana huyohuyo akitaja uzamili wa sanaa, ukoo mzima unaitwa kikao.

Najua mtasema nimeanza kuringa. Siringi, jamani. Hapa nako kuna mitego, na vijana wetu wanaiingia kichwakichwa. Vyuo vingi binafsi vya sanaa vinaita "ufadhili" punguzo la ada tu. Inayobaki Mmarekani anaweza kuiombea mkopo wa serikali yake, mkopo ambao mgeni wa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, hapewi. Kwa hiyo anayeomba kutoka Dodoma au Kisumu aanzie vyuo vya umma vyenye kazi ya kufundisha.

Barua ikija, isome neno kwa neno. Saa 20 ni nusu ajira. Saa 10 ni robo, na robo mara nyingi haifuti ada yote. Wamefuta ada nzima, au ile nyongeza tu anayotozwa asiye mkazi wa jimbo la chuo? Bima ya afya na michango ya chuo analipa nani? Mfinyanzi aulize pia udongo na gesi ya tanuri. Posho kwa kawaida ni ya miezi tisa, sasa Juni na Julai utakula nini? Usitegemee kibarua cha maktaba muhula ukiendelea: viza inaruhusu saa 20 tu za kazi chuoni, nawe umeshazimaliza darasani. Wala usikubali kwa pupa. Vyuo vilivyoridhia makubaliano ya Aprili 15 vinakuachia hadi siku hiyo kuamua, na mwenye barua mbili mkononi anaweza kuomba kwa heshima aongezewe.

Kuna atakayenijibu kwamba vyuo vyetu haviwezi kuiga mpango huu kwa kuwa serikali zetu hazina hela. Ndugu yangu, hii si sadaka! Chuo kinapata mwalimu kwa gharama nafuu. Kwetu mhadhiri mmoja anabeba madarasa, anasahihisha michoro hadi usiku, huku anayeweza kumsaidia yuko mtaani anasaka ada. Inauma, maana kipaji tunacho. Makerere inafundisha sanaa tangu 1937. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, kazi zake za udongo zimo British Museum, jumba la makumbusho la London.

Wakuu wa vyuo, anzeni na wawili tu kwa kila idara. Futeni ada yao, wapeni darasa la uchoraji la mwaka wa kwanza, na mhadhiri apumzishwe darasa hilo.