Kabla uandike falsafa yako ya kufundisha, kumbuka darasa moja

Mwezi huu nimesaidia watu watatu kupitia maombi yao ya kazi ya kufundisha chuo, wawili wanatuma Canada na mmoja Marekani, na wote walikwama pale pale, kwa ile karatasi ya ukurasa mmoja ama kurasa mbili inaitwa falsafa ya kufundisha. Huku kwetu Kenya tangazo la kazi litakuitisha vyeti, CV, wadhamini, na zile karatasi za kuonyesha uko sawa na kodi (KRA), mkopo wa masomo (HELB), polisi (DCI) na mambo ya ufisadi (EACC), lakini ni nadra mtu akuulize unafundisha aje na kwa nini. Kwa hivyo mtu amefundisha miaka saba, kazi anaijua, halafu akiambiwa aieleze anakosa maneno na anaenda kunakili za wengine kwa intaneti.

Ndio maana zote zinafanana. Aya ya kwanza, naamini mwanafunzi ndiye kitovu cha masomo. Aya ya pili anaingia Paulo Freire, mwanafalsafa wa elimu, na Vygotsky, yule mwanasaikolojia, yuko nyuma yake. Mimi Freire namheshimu sana, na ndio maana hii kitu inaniuma. Yule Mbrazili mwaka 1963 kule Angicos, Brazil, alifundisha wakulima na vibarua kusoma kwa kutumia maneno ya maisha yao wenyewe, na kwa kazi yake utakuta maneno kama tofali, kitu mtu anashika kwa mkono kila siku. Sasa wewe unamtaja na karatasi yako haina tofali hata moja.

Mmoja wa wale watatu anafundisha takwimu hapa Kisumu, analipwa kwa yuniti, yaani kwa kila somo analofundisha. Falsafa yake ilikuwa imejaa maneno makubwa na sikuona mtu ndani. Nikaweka karatasi kando nikamwambia hebu niambie tu darasa moja unalokumbuka. Akaanza kuongea hata chai ikapoa. Kumbe mwaka wake wa kwanza aliandika fomula ya mchepuko sanifu (standard deviation, kipimo cha vile namba zinatawanyika kutoka kwa wastani) ubaoni, akafanya mifano mitatu, na CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, ilipokuja nusu ya darasa wakaanguka. Muhula uliofuata akawatuma soko la Kibuye na mizani ndogo, waombe mama wa omena (dagaa) ruhusa wapime gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia, mara kumi, halafu waende kwa mwingine. Wakarudi na namba wakibishana. Wauzaji wawili wastani ulikuwa karibu sawa, lakini mmoja kila gorogoro inatoka vile vile, na mwingine leo amejaza mpaka kilima, baadaye anakupa ya kukwangua. Mwanafunzi mmoja akasema, basi huyu wa pili huwezi kumwamini hata kama wastani ni ule ule. Mwalimu akamwambia, hiyo ndiyo mchepuko sanifu, umeisema kabla yangu.

Nikamuuliza mbona hii haiko kwa karatasi. Akasema, lakini hiyo ni stori tu.

Hapana. Hiyo ndiyo falsafa yake yenyewe. Mtu wa kamati ya kuajiri anataka kujua unafanya nini darasani, kwa nini, ulijuaje imefanya kazi, na ulibadilisha nini ilipokataa, na hiyo stori imejibu yote manne. Anachohitaji kuongeza ni nusu sentensi ya kueleza gorogoro kwa mtu wa Ontario, Canada, na vile CAT ya muhula huo iliendaje. Kama chuo anachoomba kinaweka ualimu mbele ya utafiti, hiyo aya ikae juu kabisa.

Pia usifiche hali ya kazi. Kama umefundisha watu 300 ukumbini bila maikrofoni na ukapata njia ya kuwagawa vikundi na kila kikundi kikasikika, huo ni ujuzi, uandike. Kama unaeleza kwa Kiswahili ama Dholuo kwanza ndipo mtihani uje kwa Kiingereza, andika na hiyo pia, na useme uliona nini kikibadilika.

Yule mwalimu wa takwimu ametuma jana. Sentensi yake ya kwanza sasa inasema kwamba asubuhi moja aliwapa wanafunzi mizani akawatuma sokoni.