Magurudumu ya kaboni kwa breki za diski: anza na tairi

Mtu akitaka kubadilisha magurudumu ya baiskeli yake ya barabarani, maswali ya kwanza huwa mawili: yana uzito gani, na rimu ina kina gani, yaani urefu wake kutoka kwenye tairi hadi spoku zinapoanzia? Maswali hayo yana majibu, lakini si ya kuanzia. Kwa barabara zetu na mafundi tulio nao, gurudumu zuri la kaboni ni lile linalobeba tairi pana, lenye kulabu kwenye kingo za rimu, na ambalo fundi wako anaweza kulifungua akalirudisha bila kusubiri kifurushi kutoka ng'ambo. Gramu na kina vije baada ya hapo.

Uzito tuumalize kwanza, maana ndio unaowatoa watu fedha nyingi. Chukua mwendeshaji wa kilo 72 na baiskeli ya kilo 8, jumla kilo 80. Magurudumu mapya yanampunguzia gramu 400. Hiyo ni nusu ya asilimia moja. Akipanda mlima kwa saa nzima bila kubadilisha nguvu ya miguu, ataokoa kama sekunde 18. Kwa anayekimbizana na mwenzake hadi kileleni, sekunde 18 ni kitu. Kwa anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto Jumamosi asubuhi, tairi zuri lenye upepo sahihi litamfaa zaidi, kwa kuwa tofauti kati ya jozi ya tairi zinazoviringika vizuri na jozi ngumu inaweza kufika wati 10 au kuzidi, na faida hiyo anaipata hata kwenye tambarare.

Breki za diski ndizo zilizofanya rimu za kaboni zifae kwa matumizi ya kila siku. Zamani, breki ikibana rimu yenyewe, mteremko mrefu uliichemsha rimu mpaka gundi inayoshika nyuzi za kaboni ikalainika na ukingo ukavimba au kupasuka. Sasa joto liko kwenye diski, karibu na habu (kitovu cha gurudumu), na ukingo wa rimu hauchakazwi tena na pedi. Kwa hiyo usiogope kaboni kwa sababu ya breki. Cha kuogopa ni shimo la lami, na kinga ya shimo ni tairi.

Tairi la milimita 28 ndio mwanzo, na 30 au 32 ni bora kama fremu inaruhusu. Pima kwanza nafasi kwenye uma na nyuma karibu na krenki, kwa sababu zipo fremu za diski za miaka ya mwanzo zinazoishia 28. Kumbuka pia kwamba tairi halikai sawa na maandishi yake. Tairi lililoandikwa 28 likifungwa kwenye rimu yenye upana wa ndani wa milimita 23 linaweza kutanuka hadi 29 au 30. Acha angalau milimita 4 kila upande, maana tope na kokoto zitaingia humo na kulamba rangi ya fremu. Kwa tairi za 28 hadi 32, upana wa ndani wa milimita 21 hadi 23 unatosha kabisa. Rimu ya 25 ni nzuri kwa 30 na kuendelea, lakini usiivalishe tairi la 28.

Kuhusu kulabu nina msimamo. Kulabu ni ule mdomo mdogo ndani ya ukingo wa rimu unaoshika shingo ya tairi. Watengenezaji wengi wameuondoa, kwa kuwa rimu isiyo na kulabu ni rahisi kutengeneza na ukingo wake unaweza kuwa mnene zaidi, jambo linalousaidia usipasuke ukigonga shimo. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini rimu hiyo ina masharti. Upepo usizidi baa 5, yaani psi 72.5, na tairi liwe la tyublesi (lisilohitaji tyubu ndani) lililoidhinishwa kwa rimu za aina hiyo, hata kama ndani utaweka tyubu. Februari 2024, kwenye mashindano ya UAE Tour, tairi la mwendeshaji Mbelgiji Thomas De Gendt lilichomoka kwenye rimu isiyo na kulabu akaanguka, na tangu hapo mjadala haujalala.

Sasa tazama huku kwetu. Umejaza baa 5 kamili asubuhi nyumbani, nyuzi joto 20. Baiskeli ikalala ndani ya gari lililofungwa juani, tairi likafika nyuzi 50. Upepo ule ule sasa unasoma kama baa 5.6, zaidi ya psi 80. Umevuka kikomo bila kugusa pampu, na bado hatujasema lolote kuhusu pampu zenye saa zinazodanganya. Ongeza na hili: ukipata ajali ya tairi mbali na mjini, tairi utakalolipata dukani ni la kawaida, si lile lililoidhinishwa. Rimu yenye kulabu italipokea. Ndiyo maana nasema, kama hujaamua kutumia tairi za 30 na kuendelea kwa upepo wa chini, nunua yenye kulabu. Zipo nyingi nzuri: magurudumu ya Shimano Dura-Ace R9270 yana kulabu na upana wa ndani wa milimita 21, na kampuni kadhaa za China zinazouza moja kwa moja kwa mteja hukuachia uchague mwenyewe aina ya ukingo, habu na idadi ya spoku.

Habu ndiyo sehemu ya kuichunguza kwa muda mrefu kuliko zote. Fremu nyingi za diski za barabarani hutumia ekseli ya kupenyeza ya milimita 12, habu ya mbele ikiwa na upana wa 100 na ya nyuma 142. Pima ya kwako, usikisie, kwani baadhi ya uma za zamani zina ekseli ya 15. Kisha mwili wa kaseti, yaani sehemu ya habu ya nyuma inayovalishwa kaseti ya gia; kila kampuni ina umbo lake. Kaseti za Shimano za barabarani za gia 12, kuanzia 105 hadi Dura-Ace, zinaingia kwenye mwili wa Shimano uitwao HG, ule wa gia 11. Kaseti ya gia 10 ukiiweka hapo inahitaji ringi ya milimita 1.85 nyuma yake, la sivyo itacheza. Kaseti ya SRAM inayoanza na meno 10 inataka mwili wa XDR. Ule wa XD wa baiskeli za milimani unafanana nao lakini ni mfupi kwa hizo hizo milimita 1.85. Campagnolo za sasa zina N3W. Ukiagiza mwili usio wako, gurudumu litakaa ukutani.

Uliza namba za beringi kabla ya kulipa. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakuambia mara moja: 6902, kwa mfano, ni beringi ya milimita 15 kwa 28 kwa 7 (tundu, kipenyo cha nje, unene), na 6803 ni 17 kwa 26 kwa 5. Hizo ni saizi za kawaida za viwandani, na duka la beringi linalouza za mota na pampu za maji linaweza kuwa nazo. Habu yenye beringi ya umbo la pekee, hata ikiwa nyepesi vipi, inakufunga kwa muuzaji mmoja.

Spoku 24 mbele na 24 nyuma ndiyo hesabu ninayoipendekeza. Mbele kuna sababu inayosahaulika: ukikamata breki, diski inaizuia habu wakati rimu bado inataka kuzunguka, na nguvu yote hiyo inapita kwenye spoku. Kwa hiyo spoku za upande wa diski lazima zipishane, zisitoke wima kutoka kwenye habu. Chagua spoku za chuma, na nipeli, zile nati ndogo zinazokaza spoku kwenye rimu, ziwe nje mahali ambapo ufunguo unafika. Nipeli zilizofichwa ndani zinapunguza ukinzani wa upepo kidogo sana, lakini kunyoosha gurudumu kidogo tu kunakulazimu uvue tairi, umwage dawa ya pancha na ubandue utepe unaoziba matundu ya spoku ndani ya rimu.

Kwa wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja: nipeli za shaba, si za alumini. Alumini ikigusana na kaboni penye unyevu wa chumvi huliwa haraka. Utaona unga mweupe shingoni mwa nipeli, kisha siku fundi anajaribu kukaza, kichwa kinakatika. Shaba inaongeza gramu 30 hivi kwa jozi. Zibebe. Dawa ya pancha inayovuja chini ya utepe uliochanika huleta ugonjwa huo huo hata bara, hivyo utepe uwe mpana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3, uzungushwe mara mbili juu ya rimu iliyosafishwa kwa spiriti, ukivutwa kwa nguvu. Nati ya valvu ikazwe kwa vidole tu. Dawa ni mililita 30 hadi 40 kwa kila tairi la 28 au 30, na kwenye joto letu ikaguliwe kila baada ya miezi miwili. Miiba ya migunga haisubiri.

Kina sasa. Milimita 40 hadi 50 inatosha karibu kila mtu. Rimu yenye kina kikubwa mbele hushikwa na upepo wa kando, na barabara za pwani wakati wa kusi, au lori la mizigo linalokupita kwa kasi, vinakusukuma ghafla. Mwenye kilo 55 atasikia zaidi ya mwenye 85, basi yeye ashuke hadi 35 mbele. Wanaoshindana wajue kwamba tangu 1 Januari 2026 UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, imeweka kikomo cha milimita 65 kwenye mbio za barabarani za kuanza pamoja. Na ili kina kifanye kazi yake, upana wa nje wa rimu uzidi tairi lililopimwa kwa asilimia 5 hivi: rimu ya nje ya 30 inapendeza na tairi linalosoma 28.5. Tairi likiwa pana kuliko rimu bado utaendesha salama, ila sehemu ya faida uliyoilipia inapotea.

Magurudumu yakifika, usiyafunge siku hiyo hiyo. Yazungushe mbele ya taa uone kama yanayumba. Bana spoku mbili mbili kwa mkono, zote za upande mmoja zikaze karibu sawa. Angalia kwa tochi kila tundu la spoku kama kuna mstari wa ufa. Diski za mfumo wa senta-loku, zinazoshikwa na ringi moja ya katikati, hukazwa kwa toki (nguvu ya kukaza) ya Nm 40, na mafundi wengi wanakaza chini ya hapo, kisha diski inagonga kila ukibana breki. Ukikuta diski inakwaruza pedi, usipinde diski. Legeza boliti mbili za kalipa, kile kifaa kinachobeba pedi, bana mkono wa breki uushikilie, kaza boliti taratibu kwa kupokezana. Na kabla muuzaji hajafunga faili lako, mwagize spoku mbili za kila urefu uliotumika, pamoja na nipeli zake. Urefu hutofautiana kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ziandike kwa utepe, zifunge pamoja, uzipeleke kwa fundi wako azihifadhi.