Mama wa Mtoto Si Tarishi

Ripoti ilikuwa na kurasa 6. Katika ukurasa wa 4 mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameandika kwamba mtoto akiketi, nyayo zake lazima zikanyage kitu kigumu. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka 3 na nusu, ana mtindio wa ubongo, hali inayofanya misuli isitii vizuri, na kwa miezi 7 alikuwa akiketi darasani miguu ikining'inia. Mkono wake mmoja haukubanduka kwenye ukingo wa meza. Mwalimu wake, mwalimu mwenye moyo kweli, alikuwa ameandika kwenye daftari la maendeleo: "Hapendi kuchora."

Mtoto alikuwa anajishikilia asianguke. Siku nilipoisoma ile ripoti tulimwaga vitu vya kuchezea kutoka kwenye kasha moja la mbao, tukaligeuza, tukaliweka chini ya nyayo zake. Mgongo ukanyooka. Ule mkono ukaachia meza, ukashika karatasi, na mkono wa pili ukaanza kuchora duara moja juu ya lingine hadi rangi ikatoboa karatasi. Mwalimu alisimama pale machozi yakimlengalenga. Ripoti ilikuwa ofisini miezi yote hiyo, kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo, hatua chache tu kutoka darasani.

Kazi yangu ni kuratibu huduma za watoto wenye ulemavu katika elimu ya awali. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani nazungumzia makaratasi. Makaratasi yapo, tena mengi, lakini kiini cha kazi ni kuhakikisha kwamba anachokijua mmoja kuhusu mtoto kinamfikia mwingine anayekihitaji, na kinamfikia mapema. Asipokuwepo mtu wa kufanya hivyo, kazi haikai bila mwenyewe. Inamwangukia mama.

Nimewaona akina mama hawa miaka yote. Anaingia amebeba mtoto mkono mmoja, mkono wa pili ana mfuko uliojaa vyeti, barua za rufaa, majibu ya vipimo na picha za eksirei. Anaketi, anaanza upya: ujauzito, kujifungua, siku alizolazwa, mwezi alioshtuka kwamba mtoto hageuki akiitwa. Keshayasema kwa daktari, kwa mtaalamu wa tiba ya matamshi, kwa mtaalamu wa tiba ya vitendo anayefundisha shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, na sasa anamwambia mwalimu. Mama mmoja aliniuliza kwa upole mkubwa, "Mwalimu, ninyi huwa hamsemezani?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kuomba radhi. Tulikuwa hatusemezani.

Madhara yake yanamfikia mtoto moja kwa moja. Nakumbuka mtoto mmoja mwenye usonji ambaye alikuwa bado hajaanza kuongea. Kwenye tiba ya matamshi alifundishwa kuomba "zaidi" kwa kumkabidhi mtu picha. Nyumbani walimzoesha kugonganisha ncha za vidole, ishara ya lugha ya alama. Darasani mwalimu alishikilia kwamba asiposema neno hapewi, akiamini kwamba picha na ishara zitamfanya asiongee kamwe. Kila mmoja alikuwa na nia njema, na kila mmoja alikuwa akifundisha lugha yake. Wakati wa kunywa maji, mtoto alitafuta picha, picha haipo. Akagonganisha vidole, hakuna aliyeelewa. Akatupa kikombe. Kwenye daftari ikaandikwa kwamba ana fujo.

Hofu ya yule mwalimu inatuhusu wote, maana imeenea. Utafiti kuhusu watoto wanaochelewa kuongea haujaonyesha kwamba ishara au picha zinaziba maneno. Kwa wengi zinasaidia. Mtoto anayejua kwamba akiomba atasikilizwa ana sababu ya kuendelea kujaribu. Ilitosha watu wanne wakae pamoja kwa saa moja na kukubaliana kitu kimoja: picha, zining'inizwe shingoni mwa kila mtu mzima anayemhudumia, na neno litamkwe kila picha inapotolewa. Kuipata hiyo saa moja kulinichukua wiki 5 za kupiga simu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakuu wengi wa shule za awali. Uratibu wanauongeza juu ya kazi nyingine: mwalimu ana darasa zima, halafu anaambiwa awe pia mratibu, bila saa za kazi hiyo na bila mamlaka ya kuitisha kikao. Huko ni kumtwisha mtu mzigo na kumfunga mikono. Mratibu anahitaji muda uliotengwa, simu, ruhusa ya kuingia darasa lolote, na neno linaloheshimiwa na wataalamu kutoka nje.

Marekani wana mfano ninaourejea mara kwa mara, kwa uzuri wake na kwa kasoro yake. Sheria yao ya elimu kwa watoto wenye ulemavu ni ya mwaka 1975, na mwaka 1986 iliongezewa huduma kwa watoto walio chini ya miaka 3. Kwa hao wadogo, kila familia hupewa mratibu mmoja, na mpango unaoandikwa ni wa familia nzima. Mpango wao wa elimu ya awali uitwao Head Start, ulioanza mwaka 1965 kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, unatakiwa kutenga angalau asilimia 10 ya nafasi zake kwa watoto wenye ulemavu. Uchunguzi wa awali wa ukuaji wa kila mtoto ufanyike ndani ya siku 45 tangu aanze. Napenda hizo siku kuhesabiwa. Miezi 3 kwa mtu mzima ni muda wa kusubiri barua. Kwa mtoto wa miaka 2 ni sehemu ya nane ya maisha yake.

Kasoro iko kwenye siku ya kuzaliwa ya tatu. Siku hiyo mtoto anahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, mpango wa familia unageuka mpango wa elimu wa mtoto, na sheria hailazimishi tena familia kupewa yule mratibu. Ni kweli kikao cha kuhama hufanywa angalau siku 90 kabla. Lakini mtu aliyekuwa akiijua familia anaondoka wakati uleule mtoto anapoingia mahali pageni, kwa watu wageni. Mfuko wa karatasi unarudi mkononi mwa mama. Mimi sheria hiyo ningeiandika kinyume: mratibu wa zamani asiachie mpaka mpya awe ameketi na mtoto sakafuni, wakacheza.

Jambo jingine ni masikio. Mtoto akiletwa kwangu kwa sababu haongei, ni mzito kuitika au "hasikilizi", naomba kwanza apimwe usikivu. Majimaji yanaweza kujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu wala homa, yakaja na kuondoka, na mtoto akasikia vizuri leo, wiki ijayo asisikie. Mwalimu anaona mtoto mkaidi. Kipimo si kirefu, na bila majibu yake mipango mingine yote inajengwa hewani.

Wala sikubali kusubiri jina la ugonjwa. Wazazi huambiwa, "Tusubiri vipimo vikamilike ndipo tuanze." Vipimo viendelee, lakini mtoto ambaye hawezi kushika kijiko anasaidiwa kushika kijiko leo, daktari aite hali yake jina lolote atakalo. Pia naomba msaada huo uingie ndani ya siku ya kawaida. Mtaalamu akimtoa mtoto darasani nusu saa kwa wiki na kumfungia katika chumba kingine, saa zote zilizobaki ni za nani? Kuna kunawa mikono, kuvua viatu, kusubiri zamu ya bembea, kuimba, kuaga. Huko ndiko mtoto anakojifunza. Nawaomba wataalamu wakae na mwalimu kwenye zile meza fupi, wamwonyeshe namna ya kukunja kiwiko na namna ya kusubiri sekunde 10 kabla ya kumsaidia mtoto. Baadhi hukataa mwanzoni. Wakishaona mtoto akifanya jambo lile mara 20 kwa siku badala ya mara 1 kwa wiki, wengi wao hurudi wenyewe.

Kuhusu siri, nakubaliana na wanaofunga kabati. Historia ya matibabu ya mtoto si habari ya kila mtu. Ila mwalimu hahitaji historia yote. Kwa kila mtoto naandika ukurasa mmoja kwa maneno ya kawaida, mzazi akiwa ameketi pembeni yangu na akiwa na haki ya kufuta mstari wowote: anapenda nini, anaombaje maji, anaogopa sauti gani, anabebwaje, akilia anatulizwaje, nani apigiwe simu. Mistari mizuri kuliko yote hutoka kwa wazazi. Baba mmoja alisema, "Ukimvalisha kiatu anza na mguu wa kushoto, ule wa kulia unakakamaa akishtuliwa." Hakuna ripoti hata moja iliyokuwa na habari hiyo.

Yule mtoto wa kasha la mbao alihamia shule nyingine mwaka uliofuata. Nilikwenda huko wiki 2 kabla, na futi ya kupimia mfukoni. Viti vyao vilikuwa virefu kuliko vyetu kwa sentimita 4. Fundi alitengeneza kasha jipya, tukaligonga raba chini lisiteleze, na kwenye ukurasa wake mstari wa kwanza tuliandika nyayo zikae wapi. Asubuhi ya siku ya kwanza mwalimu mpya alilivuta kasha mahali pake kabla mtoto hajafika mezani, na mama yake akabaki mlangoni, ameshika chupa ya maji tu.