Handaki Lililozibwa Upande Mmoja Bado Ni Handaki

Kila handaki jipya la magendo linapogunduliwa chini ya mpaka kati ya Tijuana, Mexico, na San Diego, Marekani, picha ni zilezile: reli nyembamba sakafuni, nyaya za umeme ukutani, askari ameinama na kurunzi mkononi. Linaloniudhi ni kinachofuata baada ya picha. Upande wa Marekani handaki hujazwa zege hadi kwenye mstari wa mpaka. Upande wa Mexico, kwa miaka mingi, mara nyingi limezibwa mdomo tu, na urefu wote uliobaki ukaachwa wazi.

Kwa wasafirishaji wa dawa za kulevya, hiyo ni kama zawadi. Wanaingilia jengo la jirani, wanatoboa mita chache mpaka wakutane na handaki la zamani, wanalifuata hadi karibu na zege, kisha wanachepuka. Sehemu kubwa ya kazi ilishafanywa na waliowatangulia. Mahandaki yaliyotangazwa kufungwa huko Tijuana yamewahi kukutwa yakitumika tena.

Maofisa wa Mexico wametaja ukosefu wa fedha. Naamini ni kweli, na ndiyo maana nasema Marekani isaidie kulipia zege la upande wa pili. Zege lake lenyewe linapoteza thamani likiishia mpakani. Kazi isimamiwe na Wamexico, kwa sababu ni ardhi yao.

Ushirikiano si ndoto. Handaki refu kuliko yote yaliyowahi kupatikana kwenye mpaka huo, lenye mita 1,313, lilijulikana Agosti 2019 baada ya vyombo vya Mexico kuutambua mlango wake katika eneo la viwanda la Tijuana. Wapelelezi wa Marekani ndipo wakalipima na kulichorea ramani. Lilikuwa na lifti, reli, mfumo wa hewa na umeme wa nguvu kubwa. Mtambo wa kupima ardhi ukiwa juu ungeweza kulikosa kabisa, maana lilikuwa na kina cha wastani wa mita 21, na udongo wa mfinyanzi wa Otay Mesa, eneo la San Diego lililo mpakani, huvuruga mawimbi ya rada. Udongo huohuo huchimbika kwa urahisi na husimama bila nguzo nyingi, tena juu yake kuna maghala na malori kila upande. Hapo taarifa za watu huwa na uzito kuliko mashine, na taarifa ya mtoa habari inahitaji ofisa wa upande wa pili ambaye hataivujisha. San Diego ina kikosi maalumu cha mahandaki tangu 2003. Watu wanaofanya kazi pamoja muda mrefu hujenga imani hiyo. Mkutano wa mawaziri hauwezi.

Sheria za Marekani nazo ni kali. Tangu 2006, anayejenga au kugharamia handaki la mpakani anaweza kufungwa hadi miaka 20, na mwenye kiwanja anayefumba macho hadi miaka 10. Lakini hukumu haijazi shimo.

Mfano unaonigusa zaidi uko Nogales, miji miwili yenye jina moja iliyotenganishwa na mpaka, mmoja katika jimbo la Sonora, Mexico, na mwingine katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako mitaro mikubwa ya maji ya mvua hupita chini ya miji yote miwili. Wachimbaji hutoboa kuta zake wakatokea ng'ambo. Mwaka 2008 askari wa mpaka wa Marekani walijenga kizuizi cha zege ndani ya mtaro mmoja bila kushauriana ipasavyo na wenzao. Julai mvua ikanyesha, maji yakakosa pa kupita, na Nogales ya Sonora ikafurika. Nyumba na maduka ya watu wasiohusika na magendo yakaharibiwa na hatua ya usalama iliyoamuliwa na upande mmoja.

Nchi hizi mbili tayari zina Tume ya Kimataifa ya Mipaka na Maji, yenye ofisi kila upande, inayosimamia na kugawana gharama za ujenzi unaovuka mpaka. Mahandaki yapewe utaratibu wa namna hiyo: handaki likigunduliwa, wahandisi wa pande zote walipime pamoja, bajeti iwe imeshatengwa, na lisitangazwe kuwa limefungwa mpaka zege lifike kwenye mlango wa kuingilia.