Siku Nne Nimelilinda Jiwe

Hebu nisaidieni kufikiri, maana mimi peke yangu nimeshindwa. Mtu anaingia uwanjani kwako usiku. Anapanda mwembe wako. Anafungua mfuko wa kaki ulioufunga kwa mikono yako mwenyewe, anatoa embe dodo, sawa, mpaka hapo ni wizi wa kawaida tunaoujua. Halafu anatia jiwe. Anafunga tena, fundo lile lile, anashuka zake. Jiwe lenyewe ukubwa ule ule wa embe! Maana yake alikuja nalo. Maana yake kuna siku alipita kwangu mchana akanisalimia, akapima kwa macho.

Nimegundua leo alfajiri. Siku nne nzima natoka na mswaki mdomoni, nausimamia ule mfuko unavyoning'inia kwa adabu, namwambia mke wangu, "Linazidi kujaa." Mke wangu ananijibu "Mh," anaendelea na mkaa wake. Leo nikapanda kiti, nikalibonyeza kuona kama limeanza kulegea. Wapi. Nikabonyeza tena. Nikajisemea, dodo la mwaka huu lina ganda gumu.

Mwembe wangu mwaka huu umezaa maembe kumi na moja. Wenye miembe mnajua tabia yake: mwaka mmoja unazaa mpaka unautegemeza matawi kwa miti, mwaka unaofuata umekunja mikono unakutazama. Mwaka jana niligawa kwa ndoo. Nilibembeleza watu. Nilimlazimisha kondakta wa daladala achukue matatu, akanishuku. Hakuna aliyeniibia hata moja. Mwaka huu yamekuwa kumi na moja na Mbagala nzima imepata hamu.

Mawili yaliangushwa na upepo. Popo akaonja matatu, maana popo hali embe, anaonja tu, kisha anahamia jingine kama mpishi wa harusi. Moja kunguru. Hawa kunguru waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kuja kula taka. Naona taka zetu zimewachosha, sasa wako kwenye matunda. Manne nikawapa wajawazito. Mwanamke akisimama getini kashika kiuno, akakwambia roho yake inataka embe bichi lenye chumvi na pilipili, wewe utasema nini? Unachuma. Walikuja wanne wiki moja. Mume wa yule wa nne nilikutana naye kituoni nikampa hongera, akaniuliza, "Ya nini?"

Likabaki moja.

Mfuko wa kaki ni kwa ajili ya nzi. Mwaka juzi nilikata embe zuri la manjano mbele ya wageni, likawa linatembea. Bwana shamba mmoja akaniambia nzi huyo si mwenyeji, ametoka Asia, huku kwetu Afrika kaonekana kwanza Kenya mwaka 2003, na tangu hapo hajaonesha nia ya kurudi. Jike anatoboa ganda embe likiwa bado kijani, anataga ndani. Wewe kwa nje unaona liko salama, kumbe mle ndani kliniki ya watoto imeshafunguliwa. Akaniambia livishe mfuko likingali dogo, na yaliyooza uyazike chini, nusu mita. Nikachimba shimo la heshima, nikazika. Majirani wakaja na kanga mabegani kuuliza msiba ni wa nani.

"Na wale maji moto usiwaguse," akasema bwana shamba. "Hao ndio askari wako."

Maji moto mnawajua, wale wekundu wanaoshona majani ya mti kufanya nyumba. Kweli wanafukuza wadudu, sibishi. Basi nikafuga jeshi. Miaka miwili nalea jeshi. Nikipalilia mwaridi chini ya mti naumwa sikio. Nikianika shuka naumwa kwapa. Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe, akawekewa kiti kivulini kwa heshima zake zote, na baada ya dakika mbili aliinuka akafanya jambo ambalo sitalisimulia maana bado yu hai na ana simu. Lakini mwizi! Mwizi kapanda, kafungua fundo, kafunga fundo, kashuka. Askari wangu hawakumuuliza hata kitambulisho.

Ndipo nikautazama ule mfuko vizuri. Una alama za vidole, za kijivu. Majivu. Mkwezi yeyote wa Pwani anajua: jipake majivu mikono na miguu, maji moto watakukwepa. Kwa hiyo hili si la mtoto aliyepita njia. Ni fundi.

Nikasema sasa hapana, nchi hii ina utaratibu. Nikavaa kanzu, kofia, viatu vya kufunga kamba. Jiwe na mfuko nikavitia kwenye sinia nikafunika kawa, maana ushahidi haupigwi jua. Nikaenda kwa mjumbe.

Nilimkuta barazani anakunywa chai ya rangi. Alipoona sinia na kawa akasogeza kikombe kupisha nafasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Umetuletea nini?" Akafunua kawa. Nadhani alitarajia vitumbua. Akatazama. "Hiki nini?"

"Jiwe, mzee."

Akafunika tena, polepole, kama mtu anayemfunika marehemu uso. Akaniuliza nyumbani wote wazima. Nikamwambia wazima, ila nimeibiwa embe.

"Maembe mangapi?"

"Moja."

"Na hili jiwe?"

"Jiwe limeletwa, mzee. Na mwizi."

"Kwa hiyo umechukuliwa kimoja, umepewa kimoja."

"Mzee, jiwe haliliwi."

"Sijasema linaliwa. Nauliza hesabu." Akachomoa daftari chini ya mkeka, akalamba kidole, akatafuta ukurasa mweupe. "Jiwe ni la nani?"

"Silijui."

"Umelitoa wapi?"

"Mtini."

Kalamu ikasimama. "Andika mwenyewe," akasema, "mimi nitasaini."

Hapo ndipo jirani yangu wa kushoto alipopita na ndoo ya maji kichwani. Naapa alikuwa anapita tu. Akasikia neno mwembe, akatua ndoo. "Kama kikao ni cha mwembe," akasema, "na mimi nina langu." Kumbe mama wa watu anafagia majani yangu kila alfajiri tangu mwaka 2015. Mgongo umekwisha. Ameshabadilisha fagio mpaka kasahau hesabu, na mfagio mmoja aliuleta pale pale kuonesha ulivyobaki kipini. Mjumbe akaandika.

Kabla hajamaliza akatokea jirani wa nyuma. Huyu sikujua hata kama tunapakana. Yeye ana popo. Popo anakula kwangu anajisaidia kwake, kwenye shuka nyeupe za mgeni. Halafu mwaka jana, saa nane za usiku, embe moja lilidondoka kwenye bati lao, babu yao akaamka akaanza kutoa shahada. Watoto wakaitwa kutoka Chanika na Kibaha kuja kuagana naye, wakala, wakalala, nauli za kurudi akatoa yeye. Anataka kujua nauli zile anazipeleka wapi. Mjumbe akaandika, akauliza nauli ya Kibaha shilingi ngapi.

Wa tatu ni yule kijana anayetengeneza pikipiki pale kona. Alikuja kuangalia watu wamejazania nini, akakumbuka kwamba mzizi wangu umeinua sakafu ya choo chao. "Ukichuchumaa," akasema, "unaelekea kushoto." Akataka kutuonesha kwa vitendo. Mama wa majani akamzuia.

Na mimi nimesimama na kanzu yangu. Nikaona, kwa macho yangu haya, mjumbe anarudi juu ya ukurasa, palipoandikwa jina langu na neno *mlalamikaji*, anakata *kaji*, anaandika *kiwa*. Hata mstari hakuruka.

Nikasema, "Mzee, mimi ndiye niliyeibiwa."

"Tutafika huko. Tunakwenda kwa uzito."

Hukumu ikawa hivi: nipunguze matawi ya kushoto, mama nimnunulie fagio la chelewa, habari ya nauli tukae siku nyingine akiwepo babu mwenyewe, na shilingi 5,000 ya kikao. Embe, upelelezi unaendelea. Jiwe litabaki kwa mjumbe, na kwa kweli niliona ameshaegesha nalo mlango.

Tukiwa hapo mke wa mjumbe akatoka na sahani. "Karibuni jamani, msikae midomo mitupu." Embe. Limekatwa vipande virefu, limenyunyiziwa chumvi na pilipili ya kusaga. Dodo.

Mimi na lile embe tumejuana tangu likiwa kama punje ya choroko. Nilikiona kovu kwenye ganda, pale tawi lilipolikwaruza mwezi wa tisa. Na lilikuwa limevundikwa vizuri, la siku nne hasa.

"Kula, baba," mjumbe akaniambia. "Mjukuu kaleta. Sijui kaokota wapi."

Nikainua macho. Mlangoni kasimama mtoto wa miaka kama tisa, mikono ya kijivu mpaka kwenye viwiko. "Alikuwa anasugua masufuria kwa majivu," akasema bibi yake haraka. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa nyinyi mngefanyaje? Kesi inasikilizwa na babu, ushahidi uko kwenye sahani, mashahidi wote wana vinywa vimejaa. Nikala. Nikala cha pili. Tamu! Nyuzi hakuna, funza hakuna hata wa dawa. Ule mfuko wa kaki unafanya kazi, nawaambia ukweli, bwana shamba yule apewe nishani. Nilipoona kokwa linataka kutupwa nikasema, "Naomba hilo kokwa."

"La nini?"

"Nikapande."

Wakanyamaza wote. Mama wa majani akatazama kipini chake. Kisha wakalipuka kwa pamoja, kijana wa pikipiki akiwa juu ya wote: "Anapanda mwingine!" Mjumbe akafungua tena daftari.

Nimerudi nyumbani na sinia tupu. Mtu akinikuta leo ataniona nacheka, lakini sicheki. Nani alikuwepo nilipoupanda ule mti? Maji kwetu yanatoka Jumanne saa nane za usiku, yakijisikia. Nani aliyekuwa anaamka? Mche una majani manne, naubebea ndoo gizani na mbwa wa mtaa ananifuata, mwaka mzima, na miaka mingine mitano kabla sijaona ua hata moja. Hakuna aliyekuja na fagio wakati ule. Hakuna aliyekuwa na babu.

Mpapai nao, msiniulize. Niliotesha mbegu tatu, wawili wakafa, aliyebaki akatoa maua, maua yakaning'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni. Dume. Kila anayeingia ana ushauri: pigilia msumari. Nimepigilia misumari mpaka ungeweza kuanika suti juu yake. Bado ni mwanamume. Faida yake pekee ilikuja dengi ilipoupiga mji mwaka 2019, watu walipokuwa wanasaka majani ya mpapai kuyakamua wanywe. Walichuma mpaka nikabaki na mti kama mwavuli uliopigwa na upepo, na hao hao wanaochuma wananiuliza, "Kwani huu hauzai?"

Mwaridi hauna shida kubwa. Una tarehe yake moja tu ya kuibiwa, 14 Februari, tumeshazoeana.

Shida ni asumini. Asumini ukichelewa umekosa: unachuma vitumba alasiri vikiwa vimefumba, ukatunga, ili vifunguke usiku vikiwa kifuani au kichwani kwa mtu. Kwa hiyo hodi zote zinapigwa saa ile ninayotaka kulala. Sasa hivi naandika, binti wa watu yuko getini. Kuna harusi mtaa wa pili, bibi harusi anataka koja na shoga zake wanataka vikuba, vile vishada vya kifuani. "Baba, mama kasema naomba kikombe kimoja tu." Mkononi ana ndoo. Ya lita ishirini.

Nimemuuliza rehani, yale majani ya kunukia, mmepata? Hapana, baba, mama kasema na rehani iko hapa. Na maua ya mkadi? Mkadi wananunua, angalau. Nimemuuliza kadi ya harusi yangu iko wapi, akacheka, akadhani natania.

Mke wangu ameshatandika mkeka. Ameniambia kama nimemaliza kesi zangu niende nikashike taa, maana umeme umekatika na kijua kinakwenda, na yale ya juu ukutani yeye hafiki. Nimepanda kiti kile kile cha asubuhi. Maji moto mmoja yuko shingoni, namsikia anatafuta pa kuanzia. Binti anasema, baba usivue kanzu, umependeza, halafu samahani, mama kasema kama mna sindano na uzi, maana na sisi sindano yetu imevunjika.

Nimemwuliza ilivunjikia wapi. Kasema kwenye embe, walikuwa wanatoboa kuangalia kama lina funza. Nikamwambia ngoja, embe gani?